Chumvi ya barabarani inakula gari yangu, naombeni ushauri

binti_tanga

Habari za humu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Niko Minnesota, hii ni winta yangu ya tatu, na nina Corolla ya 2012 niliyoinunua mwaka juzi kwa hela ya kudunduliza kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Gari ndiyo miguu yangu, bila hiyo sifiki kazini maana zamu inaanza saa tano usiku na basi la mwisho linakuwa limeshapita.

Sasa kila theluji ikikaribia naona barabara imechorwa mistari mistari myeupe lami nzima kama mtu kapita na reki ya chaki, halafu theluji ikianza yanapita malori yanamwaga chumvi yenyewe, ile ya mawe, unasikia inavyogonga bodi kwa chini. Gari inakuwa nyeupe mpaka huijui rangi yake. Juzi nikawa nafuta pembeni pale juu ya tairi la nyuma, upande wa dereva, nikaona rangi imevimba kama lengelenge la moto, nikabonyeza na kidole gumba ikalia kama ganda la yai na ukatoka unga wa kahawia. Jamani nilikaa chini pale pale kwenye baridi. Mimi nimekulia Tanga, nyumba yetu ilikuwa karibu na bahari, najua chumvi inavyokula bati, mzee alikuwa anabadilisha mabati ya jikoni kila baada ya miaka michache, lakini sikujua nimevuka bahari nzima nikaja kukutana nayo huku tena.

Naomba kujua, kuosha gari kwenye baridi ya -18 kunasaidia au nagandisha milango tu? Jirani ana gereji yenye joto ananiambia niwe nalaza humo usiku nikiwa off, ni vizuri? Kuna mzee mmoja kanisani anasema nipulizie oili chafu chini yote na nisilipe mtu. Na pale nilipofanyia sevisi wanataka dola 900 waweke ule mpira mweusi chini ya gari. Sina hela ya kuchezea, naombeni mnielekeze kwa ukweli.

fundi_wa_uvungu

Marhaba mdogo wangu, na pole. Mimi ni fundi, niko Rochester jimbo la New York, mwaka wa 14 huu nalala chini ya magari ya watu na nakuambia kutu ya huku ni kama mchwa, ukiiona nje ujue ndani imeshakaa siku nyingi. Hilo lengelenge lako halikuanza juu ya rangi. Chumvi na tope vimepanda kwenye tao la tairi vikajaa pale bati mbili zinapokunjana, vikakaa na unyevu miaka, bati ikaliwa kutokea ndani na wewe umeona mwisho wake. Kwa hiyo ukipaka rangi juu utakuwa umefunika jipu tu.

Lakini nisikilize vizuri hapa kwa sababu hii ndiyo inanifanya niandike saa hizi badala ya kulala. Hilo lengelenge halitakuua. Kitu cha kuogopa ni mirija ya breki. Kwenye gari nyingi ni mirija ya chuma myembamba, unene kama wa penseli au chini ya hapo, inatoka mbele inapita chini ya sakafu mpaka tairi za nyuma, sehemu nyingine imefunikwa na plastiki na sehemu nyingine inapita juu ya tangi la mafuta ambako huoni kitu mpaka gari ipandishwe. Kila baada ya hatua kuna kibanio cha plastiki kinaishika, na hapo kwenye kibanio ndipo chumvi inajikusanya na kulowa haikauki, kwa hiyo mrija unaweza kuwa mzima kabisa halafu ule upana wa kidole ulioko chini ya kibanio umeliwa umebaki kama karatasi. Mwaka jana mama mmoja aliletwa na gari yake ikiburuzwa, alikuwa anakaribia taa nyekundu akakanyaga breki pedo ikaenda mpaka sakafuni. Aliponea kwa sababu breki zina mikondo miwili, mmoja ukipasuka unabaki na mwingine, akasimama katikati ya makutano badala ya kabla yake. Nilipotoa ile plastiki mrija ulikatika mkononi mwangu kwa kuugusa tu, na gari yenyewe kwa nje inang'aa huioni doa.

Minnesota hamna ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kama huku kwetu, kwa hiyo hakuna mtu anayekulazimisha kuipandisha gari juu. Jilazimishe mwenyewe. Nenda kwa fundi unayemwamini mwambie neno moja, nataka uangalie mirija ya breki yote mpaka juu ya tangi, na mirija ya mafuta, na sabfremu, ile fremu ndogo ya chuma inayobeba injini na miguu ya tairi. Mlipe nusu saa yake. Akikuta mrija umevimba magamba usikubali akate kipande aunge kwa chuma kilekile, mwambie aweke ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ile haishiki kutu na inakunjika kirahisi, na hata bei ya mrija wenyewe si kubwa, hela kubwa ni kazi.

Kuhusu maswali yako. Kuosha kunasaidia sana ila si kwenye -18. Subiri ile siku joto linapanda juu ya 0, Minnesota huwa zinakuja hata Januari mbili tatu, siku hiyo hata kama umetoka zamu umechoka pitia sehemu ya kuoshea yenye maji ya kurusha chini, maana kuosha ubavu na kuacha uvungu ni kuosha uso na kuacha miguu yenye tope. Osha mapema mchana gari itembee ikauke kabla ya usiku, fungua milango yote ufute zile raba kwa kitambaa kikavu, ukipata dawa ya silikoni paka kwenye raba haitaganda tena. Ukifanya hivyo kila wiki mbili hali ya hewa ikiruhusu umefanya sehemu kubwa.

Gereji yenye joto inategemea. Kutu inataka chuma, maji na hewa, na chumvi kazi yake ni kufanya yale maji yapitishe umeme vizuri, kila doa la chuma linakuwa kama kibetri kidogo kinachojila chenyewe. Kwenye baridi kali kazi hiyo inaenda taratibu. Sasa wewe ukichukua gari iliyojaa tope la chumvi ukaingiza kwenye joto, lile tope linayeyuka linaingia kwenye kila mkunjo na usiku kucha linafanya kazi kwa kasi. Asubuhi unatoka nje, jioni unarudia. Mimi gari chafu naacha nje, gari iliyooshwa naingiza ndani ikauke. Mwambie jirani asante na ufanye hivyo.

Dola 900 za mpira usitoe. Gari mpya kabisa ambayo haijawahi kuona chumvi, labda tungezungumza. Ya 2012 tayari ina kutu, ule mpira unafunika kutu na unyevu pamoja, baadaye unapasuka kidogo tu pembeni maji yanaingia hayatoki, na sisi mafundi hatuoni kitu mpaka bisibisi ipenye upande wa pili. Kuna dawa za mafuta zinazopuliziwa, nyingine zimetengenezwa na mafuta ya manyoya ya kondoo, hazikauki, zinatambaa zinaingia kwenye mikunjo na zinafukuza maji. Fluid Film ni mojawapo, na Kanada wana Krown. Inabidi urudie kila mwaka, huku tunachaji kati ya dola 130 na 180 kwa gari ndogo. Mwezi mzuri ni Septemba au Oktoba mwanzoni, gari kavu, kabla lori la kwanza la chumvi halijapita.

Oili chafu naiacha kidogo, naona kuna mtu ataitetea.

mzee_wa_duluth

Naitetea mimi. Nimeendesha huku tangu 1998, nyuma ya ziwa Superior kabisa, na pikapu yangu nilikuwa napulizia oili iliyotumika kila mwezi wa kumi, imefika maili 240,000 na sakafu ni nzima. Dada usipuuze wazee.

fundi_wa_uvungu

Mzee wangu shikamoo. Sikatai kwamba inazuia kutu, mafuta yoyote yanazuia. Tatizo ni mambo mawili. Ile oili inadondoka, mvua ya kwanza inaishusha kwenye mtaro na mtaro unaenda kwenye ziwa hilohilo mnalovua samaki, na kumwaga hivyo ni kosa kisheria. La pili inakula raba, bushi za mikono ya chini na vifuniko vya jointi vinavimba vinalegea, nimebadilisha nyingi za hivyo. Pikapu yako nadhani ilipona kwa sababu ulikuwa unaijali, mtu anayeingia chini ya gari yake kila mwezi wa kumi anaona kila kitu kabla hakijaharibika. Hiyo ndiyo dawa yenyewe mzee.

mzee_wa_duluth

Marhaba. La raba nakubali, bushi nilibadilisha mara tatu na sikuwahi kujua kwa nini.

dada_wa_edmonton

Hamjambo wote. Naongezea kidogo kutoka Alberta. Ile mistari myeupe aliyoiona binti_tanga ni maji ya chumvi, wanayamwaga kabla theluji haijaanguka ili isigandane na lami. Chumvi ya kawaida ikifika kama -9 hivi nguvu yake inaanza kuisha, ndiyo maana sehemu za baridi sana wanachanganya kalsiamu kloraidi au magnesiamu kloraidi ambazo zinafanya kazi kwenye baridi kali zaidi. Sasa ubaya wa hizi ndugu zangu ni kwamba zinavuta unyevu wenyewe kutoka hewani. Gari unaiona imekauka lakini ukipitisha kidole inanata, na ikinata maana yake bado iko majimaji na bado inakula.

Hapa Edmonton jiji lilianza kujaribu maji ya kalsiamu kloraidi mwaka 2017, watu wakalalamika mno, magari yanashika kutu, zege za kuegeshea zinabanduka, viatu vinaharibika, mpaka Oktoba 2019 baraza la jiji likapiga kura kuacha. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Lakini barabara zinabaki zinahitaji kitu, wanamwaga mchanga na changarawe, na kila winta kioo changu cha mbele kinapigwa. Kikipigwa kidoa kidogo kama punje ya mtama nenda wakujazie gundi siku hiyohiyo, ukiacha usiku mmoja wa -25 halafu ukawasha hita asubuhi ufa unakimbia kioo kizima mbele ya macho yako, nimeuona ukikimbia, ulitoa sauti ndogo tik halafu ukaenda.

Na ndani ya gari usisahau. Tunaingia na mabuti yaliyojaa chumvi, inayeyuka inalowesha kapeti, na chini ya kapeti kuna bati na nyaya. Nunua mikeka ya raba yenye kingo ndefu, mwaga maji yake kila siku.

mwana_wa_kilindini

Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Mombasa, theluji sijawahi kuikanyaga, lakini hii mada inanihusu sana kwa sababu naagizia watu magari kutoka Japani na Uingereza, na hiyo chumvi yenu inatufuata mpaka huku. Mwaka juzi nilimletea mteja wagoni moja kutoka Uingereza, picha safi, injini safi, dila kule akaniapia. Ilipotoka bandarini nikaipeleka kwa fundi wangu pale Changamwe tubadilishe oili tu, fundi akaita, njoo uone. Wallahi nilivyoona uvungu niliona aibu kumpigia mteja simu. Boloti zimeliwa vichwa vyote spana haishiki, ekzosti imetoboka, springi ya nyuma imekatika kipande. Nilimrudishia mteja sehemu ya pesa kutoka mfukoni mwangu.

Watu wa Pwani tunajua kutu lakini kutu yetu ni nyingine. Huku upepo wa bahari unashusha chumvi juu, gari inaanza kuoza kwa paa, kwa bonneti, kwa kingo za madirisha, unaiona ukiwa umesimama. Hiyo ya kwenye theluji inaanza chini kisha inapanda, na sisi tunanunua gari kwa kuangalia picha za juu.

Kwa wanaoagiza sikilizeni. Gari ya Uingereza ukipata namba yake ya usajili unaweza kuangalia historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa magari, bure kwenye tovuti ya serikali yao, inaonyesha kila ukaguzi wa mwaka, ilifeli nini na ilionywa nini. Ukiona maonyo ya kutu kwenye mirija ya breki au sabfremu miaka miwili mfululizo achana nayo hata ikiwa bei nzuri namna gani. Gari ya Japani karatasi ya mnada ina alama, S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati, na uulize gari ilisajiliwa wapi, Hokkaido na ile pwani yao ya magharibi ni theluji tupu. Sisemi zote mbaya, nasema omba picha za chini kabla ya kutuma pesa.

Fundi nakuuliza na mimi, gari ikishafika huku kwenye joto na unyevu ile kutu inaendelea au inasimama kwa sababu chumvi imebaki Ulaya?

fundi_wa_uvungu

Waaleikum salaam. Inaendelea. Chumvi haibaki Ulaya, iko kwenye mikunjo na chini ya magamba ya kutu yenyewe, na joto la Mombasa linaiongezea mwendo. Ukipokea gari ya hivyo kitu cha kwanza ni maji mengi yasiyo na chumvi kwa chini, siku mbili tatu, si presha kali ya kupasua bali maji mengi ya kukaa na kuyeyusha. Halafu ikauke kabisa, halafu mafuta.

Na hii iwe kwa wa huku pia kwa sababu watu wanakosea sana mwezi wa nne. Theluji imeisha, jua limetoka, mtu anasahau, kumbe joto likija ndipo chumvi iliyobaki inafanya kazi zaidi. Mimi nachukua kile kirashia maji cha bustani kinachozunguka, naweka chini ya gari nafungulia nusu saa, nakisogeza nyuma nusu saa nyingine. Kinarusha juu kwenye kila kona. Maji ya kwanza yanatoka ya kijivu. Kisha chukua kijiti cha plastiki uzibue vile vitundu vya chini ya milango na chini ya vizingiti, maji yatoke, utashangaa mchanga utakaomwagika.

Kwa wenye pikapu, chukueni nyundo ndogo mgongegonge fremu taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia ng'aa. Ukifika mahali sauti inakuwa puf kama umegonga gome la mti na magamba yanaanguka, simama hapo, usiendeshe mpaka mtu aangalie. Hili si jambo dogo, mwaka 2016 Toyota ilikubali malipo ya hadi dola bilioni 3.4 kwa ajili ya fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza, karibu magari milioni moja na nusu. Na chama cha madereva AAA kilikadiria 2017 kwamba Wamarekani wanatumia kama dola bilioni 3 kila mwaka kutengeneza kutu ya hizi dawa za barabarani. Nikitazama gereji yetu mwezi wa tatu naamini.

kaka_worcester

Swali la haraka, kwa nini wasiache tu kumwaga hii chumvi? Magari yote yanaoza, maji ya visima yanaharibika.

dada_wa_edmonton

Kaka, mimi nilishateleza kwenye makutano na mtoto kiti cha nyuma, gari inaenda yenyewe breki nimekanyaga haina habari. Chumvi naichukia lakini usiku ule ningeipokea kwa mikono miwili. Wapunguze, wapime, wamwage mapema kabla haijaganda ili watumie kidogo, hapo sawa. Kuacha kabisa hapana.

binti_tanga

Jamani asanteni, sikutegemea. Nimerudi kuwaambia. Jumamosi nilipeleka gari kwa fundi mmoja Mlaotia hapa Brooklyn Park, nikamwambia kama nilivyoelekezwa, mirija yote mpaka juu ya tangi. Akaipandisha akaniita niingie naye chini na tochi. Sakafu nzima iko poa, kutu ya juu juu tu, nikaanza kufurahi. Halafu akatoa ile plastiki, akafuata mrija na kidole, alipofika kwenye kibanio cha nyuma akasimama, akaweka kitambaa cheupe pale akanionyesha, kitambaa kimelowa. Mafuta ya breki. Ulikuwa unatoa jasho. Kopo la mafuta ya breki mbele lilikuwa limeshuka karibu na alama ya chini na mimi taa ya dashibodi nilikuwa naiona inawaka nikikata kona inazima, nikadhani ni baridi.

Ameweka miwili ya nyuma yote mipya, ya shaba na nikeli, dola 420 na kazi, amenipakia grisi na pini za kalipa, kile kinachobana pedi za breki, bure kwa sababu ya mbele kushoto ilikuwa imeshaanza kukwama. Lengelenge amelikwangua, akapaka dawa ya kugeuza kutu ikawa nyeusi, amesema halitapona ila litaenda taratibu. Nimelipa nusu, nusu nitalipa nikipokea mshahara, mwenyewe kakubali.

Natoka kazini saa moja asubuhi, barabarani kuna watoto wanasubiri basi la shule. Nimekuwa nikiwafikiria tangu Jumamosi.

fundi_wa_uvungu

Mdogo wangu nimesoma mara mbili. Mungu amekuonyesha kile kitambaa. Taa ya breki ikiwaka hata mara moja, kwenye kona au popote, angalia kopo siku hiyohiyo, hiyo taa huwa haisumbuliwi na baridi. Baada ya wiki mbili mrudie huyo fundi aangalie maungio mapya kama ni makavu, dakika tano tu. Halafu mwezi wa tisa nikumbushe humu, nitakueleza sehemu za kupulizia na za kuziba kwa nailoni, diski za breki zisiguswe na mafuta hata tone.

binti_tanga

Sawa kaka, nimeweka alamu kwenye simu, Septemba 10.